D Haioni Mteremko: Bi Mwalimu Ajibu Maswali ya Gia za Otomatiki

Toleo lililopita niliandika kwa kupita tu kwamba herufi zile kwenye mkono wa gia la otomatiki (P ya kuegesha, R ya kurudi nyuma, N ya gia huru, D ya kwenda mbele, na wenzake) hazikuwekwa kwa urembo. Basi maswali yamekuja kama mvua za masika. Nimechagua machache, majina nimeyaacha. Kwa wasionijua: nafundisha udereva hapa Korogwe, na wanafunzi wangu wa siku hizi wengi nyumbani wana gari la otomatiki, IST, Vitz, Passo, wakiamini kwamba la kujifunza ni usukani peke yake, mengine gari linajua lenyewe. Linajua mengi, kweli. Ila halina macho.

Shikamoo Bi Mwalimu. Nina IST ya mwaka 2003, injini ya 1300. Kwetu ni Lushoto, mimi naishi Tanga mjini. Kila nikirudi, nikishaipita Soni kushuka Mombo nasikia harufu ya kuungua, na safari hii pedali ya breki ilikuwa laini ikazama karibu na sakafu. Fundi kabadilisha pedi, tatizo liko palepale. Natembelea D muda wote, kwa sababu aliyeniuzia alisema 2 na L ni za matope. Halafu kuna kitufe ubavuni mwa mkono wa gia, nikikibonyeza inawaka taa ya O/D OFF. Ni ya nini?

Marahaba mwanangu. Pedi hazina kosa, na fundi wako namwonea huruma, maana utamrudia mpaka mgombane.

Tuanze na barabara yenyewe. Kutoka Lushoto hadi Mombo ni kilomita 33 hivi, na unashuka karibu mita 1,000. IST yako ikiwa na watu wawili na viazi vya kwenu kwenye buti haipungui kilo 1,100. Ule uzito ukishuka kimo kile unatoa nguvu ya kuwasha pasi ya wati 1,000 kwa saa tatu mfululizo. Matairi na upepo vinakula sehemu yake, iliyobaki lazima iende mahali. Wewe umeamua iende yote kwenye diski mbili za mbele na madramu mawili ya nyuma, ndani ya saa moja, kwenye kona ambazo hazikupi nafasi ya kupooza chochote. Unashangaa harufu?

Ule ulaini wa pedali ndio uliniogopesha nilipokusoma. Hiyo si pedi kuchoka, ni mafuta ya breki kuchemka. Yale ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya yanachemka kwenye nyuzi 205, lakini yana tabia ya kunyonya unyevu wa hewani, na yakishazeeka kiwango chake kinashuka hadi kama nyuzi 140. Tanga mjini, kwa joto na unyevu ule, hayachelewi kuzeeka. Yakichemka yanaleta mvuke kwenye mpira na bomba, na mvuke unabonyea. Unakanyaga, mguu unazama, gari linaendelea na safari yake. Kwa hiyo kabla hujapanda tena kwenu, mwambie fundi ayamwage yote aweke mapya, DOT 4 kama anayo, na atoe hewa magurudumu yote manne. Usikubali kuongezewa juu ya yale ya zamani.

Sasa gia. Gari lako lina gia nne. Ukiwa D, kompyuta inaangalia vitu vichache: mguu wako uko wapi kwenye pedali ya mafuta, na gari linakimbia kiasi gani. Unaposhuka umeachia mafuta, mwendo unaongezeka. Kompyuta inaona mguu mwepesi, mwendo mzuri, inahitimisha kwamba dereva wangu katulia, anakula upepo kwenye tambarare ya Mkomazi. Inakuwekea ya nne. Na ya nne ndiyo inayoliachia gari huru kuliko zote. Haikukusaliti, mwanangu, imefanya kazi yake kwa taarifa ilizonazo. Habari ya kwamba mbele kuna kilomita nyingi za mteremko na lori la mbao kwenye kona unayo wewe, na njia yako ya kuipasha habari hiyo ni ule mkono wa gia.

Ukiweka 2, unaiambia: usipite ya pili. Ukiweka L: baki ya kwanza. Gari likitaka kukimbia linalazimika kuizungusha injini haraka, na injini isiyopewa mafuta haipendi kuzungushwa, inavuta nyuma. Ile nguvu ya pasi sasa inapotelea kwenye injini, ambayo ina rejeta na feni za kuipooza. Diski zako hazina rejeta.

Namna ya kufanya: Soni ukiwa bado kwenye barabara ya kawaida, punguza kwa breki hadi 40 hivi, ndipo uvute kwenda 2. Usingoje uwe umeshika 70 ukiteremka, halafu ndiyo unakumbuka safu ya Bi Mwalimu. Injini itapandisha sauti. Iache ilie. Kama dashibodi yako ina kipima mizunguko utaona inacheza kwenye 2,500 mpaka 3,000, na alama nyekundu iko mbali sana. Abiria atakwambia gari linaumia. Mwambie aendelee kula karanga zake. Pale penye kona kali na mteremko wa kusimama, ambapo hata ya pili inazidiwa, shuka hadi kama 20 kisha weka L.

Breki bado utazitumia, ila kwa mtindo mwingine. Kanyaga kwa uzito, mwendo upungue, achia kabisa. Mguu unaokaa juu ya pedali kidogokidogo kutoka Soni hadi Mombo ndio unaopika. Kipimo cha zamani cha madereva wa malori kinafaa mpaka leo: gia inayohitajika kuupanda mlima ndiyo ya kuushukia. Na pedali ikilegea tena, pumzisha gari pembeni nusu saa. Usimwagie diski maji, zitapinda.

Mvua ikinyesha Usambara, angalizo moja. Breki ya injini kwenye IST inafika magurudumu ya mbele tu. Ukishusha gia ghafla kwenye lami yenye utelezi au udongo mwekundu, ya mbele yanaweza kuteleza. Punguza mwendo zaidi kwanza, gia ndiyo ifuate.

Kile kitufe ni cha ovadraivu, yaani gia ya nne. O/D OFF ikiwaka maana yake ya nne imefungwa, gari litaishia ya tatu. Taa ile si ugonjwa, ingawa najua watu waliopeleka gari gereji kwa ajili yake wakalipia "dayagnosi". Itumie kwenye miteremko mirefu ya kawaida isiyohitaji 2, na kwenye kupanda, pale unapoona gari halijui linataka nini: linaingia ya nne, linashindwa, linarudi ya tatu, linajaribu tena. Kila kuhama kule ni joto kwenye giaboksi. Ukifika tambarare izime taa hiyo, kwa sababu ya nne inaipunguzia injini karibu theluthi ya mizunguko kwa mwendo uleule. Mombo hadi Tanga kwenye ya tatu, kelele na mafuta utayalipia mwenyewe.

Aliyekwambia 2 na L ni za matope hakudanganya, alikupa nusu.

Bi Mwalimu habari za kazi. Mimi ni dereva wa teksi mtandao, Kimara. Foleni zetu unazijua. Wapo wanaosema kila nikisimama niweke N, wapo wanaosema niache D mguu ukiwa kwenye breki. Pia kijiweni tunabishana: wenzangu wakishuka kutoka Kimara kwenda Ubungo usiku barabara ikiwa nyeupe wanaachia free, yaani wanaweka N, wanasema mafuta hayatembei. Nani mkweli?

Nzuri, baba. Kijiwe chenu kina mabishano mawili, nayajibu kinyumenyume.

Free kwenye mteremko ni hadithi ya enzi za kabureta. Gari lako lina injekta, vile vipulizio vya mafuta vinavyoamriwa na kompyuta. Ukiwa kwenye D, mguu umetoka kwenye mafuta na gari bado linakimbia, kompyuta inazifunga injekta kabisa. Injini inazungushwa na magurudumu, haipati hata tone, mpaka mizunguko ikaribie ya sailensa, ile ya injini kunguruma gari likiwa limesimama, ndipo inafungua tena. Ukiweka N, magurudumu hayaizungushi tena, kwa hiyo ili isizimike lazima ipewe mafuta ya kujizungusha. Yaani mwenye D anashuka bure, mwenye free ananunua. Naongeza kwamba mwenye free hana breki ya injini, na bodaboda akiingia mbele yake akataka kukimbia kidogo kumkwepa, mafuta anakanyaga, injini inanguruma, gari halina habari. Kisha anarudisha D huku injini iko juu, na klachi za ndani ya giaboksi zinapokea ile ngumi. Wakikubishia, waulize wameshabadilisha giaboksi ngapi kijiweni pale.

Kuna kundi jingine baya zaidi, wanaozima injini kabisa mteremkoni. Hao siwajibu. Usukani unakuwa mzito, breki zinabaki na pumzi mbili tatu, na pampu ya haidroliki, yaani mafuta ya giaboksi, inazungushwa na injini, kwa hiyo gia zinazunguka kavu. Ndiyo sababu hata gari bovu la otomatiki halivutwi kwa kamba umbali mrefu likiwa N. Linyanyuliwe magurudumu yanayovuta, au lipakiwe.

Kwenye foleni: kusimama kwa muda mfupi, ule wa kuhesabu magari matatu yaliyosogea, acha D, mguu kwenye breki. Kuhamahama N na D kila nusu dakika kunafungua na kufunga klachi bila faida ya maana. Trafiki akisimamisha upande wenu mkapoa kabisa, weka N na uvute handibreki. Inapumzisha giaboksi, inapumzisha goti lako, na taa zako za breki haziwaki machoni mwa aliye nyuma. Handibreki usiisahau, Kimara si tambarare.

Lakini kinachochosha giaboksi ya teksi kwenye foleni si D wala N. Ni ule wivu wa nafasi: gari la mbele likisogea futi tatu na wewe futi tatu, mtu asichomekee. Acha nafasi ifunguke, kisha sogea mara moja. Watachomekea, ndiyo. Wachomekee. Na kwa kazi ya teksi, haidroliki ya giaboksi ibadilishwe mapema kuliko kitabu kinavyosema, kwa sababu kitabu kiliandikwa kwa mtu anayekwenda kazini na kurudi.

Shikamoo mama. Nipo Mwanza, nyumba yetu iko juu mlimani kwenye mawe. Asubuhi mkono wa gia unagoma kutoka P, navuta mpaka unatoka kwa kishindo, "kaa!", gari linashtuka. Mchana kazini penye tambarare unatoka vizuri. Fundi anataka kuishusha giaboksi. Nimpe?

Marahaba. Usimpe hata spana.

Ndani ya P kuna kijichuma kama jino kinachoingia kwenye pengo la gurudumu la meno na kulizuia lisizunguke. Unapoegesha hapo kwenu kwa kuweka P kisha kuachia breki, gari linateleza kidogo, "tap", na uzito wake wote unalala juu ya kijichuma hicho usiku kucha. Asubuhi unataka kukichomoa kikiwa kimebanwa na tani nzima. Kitagoma tu.

Egesha hivi: mguu kwenye breki, weka N, vuta handibreki hadi ishike, achia breki ya mguu taratibu gari lijilaze kwenye handibreki. Likitulia, kanyaga tena breki, ndipo uweke P. Asubuhi: breki ya mguu, washa, toa P kwanza, handibreki mwisho. Kama gari linateleza ukiwa umevuta handibreki, basi fundi ana kazi, lakini ni ya handibreki. Na kule kwenu kwenye mawe, pinda matairi kuelekea ukingo wa barabara kabla hujazima.

Mkono ukigoma hata penye tambarare, angalia kama taa za breki za nyuma zinawaka. Swichi ya pedali ikifa, gari halijui kama umekanyaga breki, linakataa kukupa gia. Karibu na mkono wa gia kuna kitundu au kitufe kimeandikwa SHIFT LOCK. Ukikibonyeza, mguu ukiwa kwenye breki, utatoka uende kwa fundi wa umeme.

Mwalimu, nina Honda Fit ya zamani, ile ya CVT. Ina D, S na L. Nikiweka S inalia tu, haikimbii zaidi. Na mbona sisikii ikibadilisha gia?

Huisikii kwa sababu haina gia za kubadilisha. Ndani kuna mkanda wa chuma kati ya puli mbili zinazopanuka na kusinyaa, kwa hiyo uwiano unateleza bila ngazi. S haiongezi nguvu farasi hata mmoja. Inaiweka injini kwenye mizunguko ya juu ili ukikanyaga ipatikane papo hapo. Inafaa kulipita lori, au kwenye miinuko mifupifupi. Safari nzima kwenye S ni kuchoma mafuta usikie muziki. L ni ya milima mikali, kupanda na kushuka, kama nilivyomweleza mtoto wa Lushoto; wenye Toyota za CVT na zile haibridi wataikuta kazi hiyo kwenye herufi B.

Kwa CVT nina wasiwasi mmoja kuliko herufi zote. Uliza gari lako limewekewa mafuta gani ya giaboksi. Haidroliki nyekundu ya kila gari si chakula cha mkanda ule. Kila kampuni ina yake, na jina lake limeandikwa kwenye kitabu cha gari. Mkanda ukianza kuteleza, S na L hazitakusaidia.

Bi Mwalimu, nina Mark II GX110, naishi Njombe. Kuna kitufe cha SNOW na kingine PWR. Njombe kuna baridi lakini theluji hatujafika huko!

Theluji hamna, utelezi mnao. SNOW inaliondoa gari kwa gia ya pili badala ya ya kwanza, ili nguvu ifike kwenye tairi kwa upole. Mark II inasukumwa na magurudumu ya nyuma, na udongo wa Njombe wakati wa mvua unafanana na sabuni. Bonyeza, kanyaga mafuta kama unakanyaga yai, ukishatoka kwenye utelezi zima. Ukiiacha muda wote gari litakuwa zito kuondoka na utalisingizia injini. PWR inachelewesha kupandisha gia: nzuri ukiwa umebeba watu watano unapanda, haina maana ukienda sokoni.

Shikamoo Bi Mwalimu, salamu kutoka Muscat. Mama anakuja kutoka Pemba, nataka kumpandisha milima ya Jabal Akhdar huku Oman. Nina Land Cruiser ya otomatiki yenye D na S, na kuna 4L pembeni. Kushuka nitumie ipi? Rafiki zangu wanasema 4L.

Marahaba, na mama msalimie. Kwanza umefanya vizuri kuwa na gari hilo, maana polisi wa kizuizi cha Birkat al Mawz hawaruhusu gari lisilovutwa na magurudumu yote manne kupanda. Hawaruhusu kwa sababu ya kushuka: juu kule uwanda wa Saiq uko kama mita 2,000, na lami ni nzuri mno, inakushawishi ukimbie.

S ndiyo yako. Ukisukuma mkono kwenda S, namba inatokea kwenye dashibodi, na namba ile ni dari: S3 maana yake gari lisizidi ya tatu, chini ya hapo litajichagulia. Anza na 3 ukiwa bado juu, kabla mteremko haujakolea. Ukijikuta unakanyaga breki kila baada ya kona, nenda 2. Gari lako lina uzito zaidi ya mara mbili ya IST ya yule wa Lushoto, na watu na mizigo vikiongezeka, hesabu ya joto inakuwa kubwa kwa kiwango hichohicho.

4L ni jambo jingine kabisa. Hiyo inabadilisha giaboksi ndogo ya pili na kuzishusha gia zote kwa pamoja, ni ya mawe, mchanga na njia zisizo na lami. Kwenye lami ya Jabal Akhdar utatambaa mpaka walio nyuma yako wakupigie honi hadi Nizwa, na baadhi ya magari, ukiingiza 4L, yanafunga difu ya katikati, ile inayogawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, na ikifungwa haipendi kona za lami kavu. Iweke akiba kwa siku utakayokwenda wadi, kwenye mabonde ya mito mikavu.

Chini, kabla ya kizuizi, kuna mahali pa kusimama pembeni. Simama, acha injini iendelee kidogo, pitisha mkono karibu na rimu bila kuigusa. Ukihisi joto la jiko, safari ijayo anza na S2 tangu juu.